Tufaha Lililosogeza Mji

Holcomb, Ohio,
Tarehe 16 Januari, 1820.

Mpendwa dada Tryphena,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Asahel na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha kila majira ya baridi mwaka huu kimepotea njia ya kwenu. Mama naye magoti yanasemaje? Bado anakataa fimbo? Mwambie huku hakuna mwanamke wa umri wake, kwa hiyo angefika tu angekuwa bibi wa kata nzima, na wanaume wenye ndevu wangempisha njia.

Sisi hatujambo. Homa ya kutetemeka ilitupitia mwezi wa tisa kama kawaida yake, leo mimi, kesho Zerah, tukawa tunapokezana kitanda. Philura ametimiza miaka minne, ana meno yote na maneno mengi kuliko meno. Mdogo wake Alvah ameanza kusimama kwa kushika mkia wa mbwa, na mbwa amevumilia kuliko ambavyo ningevumilia mimi.

Mfuko wako ulifika salama wiki mbili kabla ya mwaka mpya. Soksi zinamtosha Zerah, mbegu za maboga hazikuota ukungu, na matufaha makavu yalinukia kama jiko la mama hata kabla sijafungua kamba. Lakini kabla sijakushukuru kwa matufaha haya, sina budi kukuungamia juu ya yale ya kwanza, yale uliyoyatunga kwenye kamba ukanivisha shingoni siku tulipoondoka Connecticut.

Umeniuliza katika barua yako kama ni kweli wanayosema huko, kwamba Zerah aliiba ardhi ya shule na kujenga mji juu yake. Umeuliza kwa upole, lakini umeuliza, na najua habari hiyo ilitoka kwa binamu wa Ozias Tuttle, jirani yetu wa huku. Jibu langu ni kwamba ardhi ilichukuliwa kweli. Aliyeichukua siye Zerah, ni mimi, nawe ulinisaidia bila kujua.

Hujawahi kupima ardhi, kwa hiyo nikueleze taratibu. Tulipofika huku mwaka wa 1815, karatasi yetu ilikuwa ya kipande namba kumi na tano, maili moja kwa maili moja. Kinachofuata upande wa magharibi ni namba kumi na sita, na hicho kila mahali ni cha shule, hakiuzwi kwa mtu yeyote. Wapimaji wa serikali walikuwa wamepita zamani na kuchonga namba kwenye mti wa kila pembe. Pembe yetu ya mashariki tuliiona siku ya kwanza. Ile ya magharibi ilikuwa imepitiwa na upepo mkali miaka kadhaa kabla yetu, na miti ilikuwa imelaliana kama njiti zilizomwagika. Tuliitafuta siku tatu tukaikosa.

Na kila kitu kilitegemea pembe hiyo, kwa sababu maporomoko ya maji yako upande huo. Maporomoko yakiwa yetu, tuna kinu cha kusagia. Tukiwa na kinu, watu watakuja. Wasipokuja, sisi ni watu wawili na maksai wanne katikati ya msitu, maili mia sita kutoka kwa mama.

Basi tukapima wenyewe, mimi na yeye. Wanaume wengine walikuja na ndugu zao wa kuwashikia mnyororo wa kupimia, Zerah alikuwa na mimi. Alitangulia na dira, akivuta mnyororo na kuchoma kijiti cha chuma ardhini kila unapoishia. Mimi nilifuata nyuma nikiving'oa. Vijiti kumi vikijaa mkononi mwangu, namrudishia, na hiyo ni hesabu moja. Hesabu nane ni maili. Kuhesabu ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa yeye macho yake yalikuwa kwenye sindano ya dira.

Aliniambia niweke kokoto mfukoni kwa kila hesabu. Sasa udongo wa huku ni mweusi na laini, unaweza kulima siku nzima usione jiwe la kumtupia kunguru. Nikaona nitumie matufaha yako. Kamba yake niliitia mfuko wa kushoto wa aproni. Kila hesabu ilipotimia nilichomoa kipande kimoja nikakitia mfuko wa kulia.

Nilikuwa na mimba ya Philura, miezi minne. Asubuhi tulikuwa tumekula uji baridi wa mahindi, jana yake pia, na juzi. Mahali fulani kwenye kinamasi, nikisubiri Zerah aikwepe miti iliyoanguka, nikatia mkono mfukoni na ile harufu ikanijia. Nikalia kidogo, kisha nikala. Kilikuwa kimoja tu. Nilidhani nimekitoa kwenye kamba.

Jioni nikahesabu mfuko wa kulia, saba. Nikamwambia bado moja. Tukavuta minyororo kumi zaidi, tukavuka maporomoko na kuyaacha nyuma yetu, ndani ya ardhi yetu. Zerah akakaa juu ya gogo akacheka peke yake. Unamjua, ni mtu wa maneno kumi kwa siku, na sita kati ya hayo huwapa maksai. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu harusi.

Hapo ndipo alipojenga. Majira mawili ya baridi alichonga gurudumu la kinu, na mawe ya kusagia aliyafuata siku kumi na moja kwenda na kurudi. Akachora barabara mbili na uwanja wa kanisa, akagawa viwanja, na watu wakaja kama alivyosema. Kufikia mwaka jana tulikuwa nyumba kumi na moja, na kwenye ramani ya kata wakatuandika Holcomb. Aliikunja ile ramani akaiweka ndani ya Biblia, na alipodhani sioni alikuwa akiifungua.

Sasa nafikia habari za mwezi wa kumi uliopita. Ozias Tuttle alikuwa akipasua kuni nyuma ya banda lake la nguruwe. Kulikuwa na mti mkubwa wa gome la kijivu, umesimama umeinama miaka yote, huku mingine yote ikiwa imelala. Shoka lilipoingia, gome likabanduka kama kifuniko, na ndani yake, mahali ambapo mti ulikuwa umeponya kidonda chake, kulikuwa na namba iliyochongwa kwa chuma. Kumi na sita.

Alikibeba kile kipande cha mti begani hadi kinuni, siku ya Jumamosi, watu wakiwa wamejaa wanasubiri unga. Mimi nilikuwa nimempelekea Zerah chakula. Akakitua chini kwa kishindo.

"Holcomb, hiki nini?"

"Kuni," Zerah akasema.

"Kuni zilizosoma hizi! Hebu angalia namba. Na mti wenyewe uko nyuma ya nguruwe wangu, minyororo kumi ndani ya ulichotuambia ni chako."

Zerah akainama akasoma. Akapitisha kidole kwenye ile namba mara mbili. "Nitapima upya," akasema.

"Upime na nani? Na huyohuyo mkeo? Nyinyi wawili mlijua tangu mwanzo maporomoko yako wapi. Nyumba yangu iko kwenye ardhi ya shule! Na ya Barlow, na ya shemasi, na kinu chako chenyewe!"

Tryphena, mkono wangu wa kulia ukaingia mfukoni wenyewe. Nilikumbuka kila kitu pale pale, kinamasi, harufu, kwamba nilikitoa mfuko wa kulia na si kwenye kamba, hata kwamba kile kipande kilikuwa na doa la kahawia ukingoni. Nikashika kikapu changu nikarudi nyumbani.

Ningependa kukwambia kwamba nilisema siku ile. Sikusema. Nilikaa kimya siku tatu. Niliogopa kuchekwa, na zaidi niliogopa kwamba atakayechekwa ni yeye, aliyejisifu mbele ya wanaume wote kwamba mkewe anashika mnyororo vizuri kuliko ndugu wa mtu yeyote. Watu walianza kumwita mwizi bila kupunguza sauti. Familia mbili zikaanza kupakia vyombo kuhamia ng'ambo ya mto. Usiku wa pili mezani Zerah akasema tu, "Nilipaswa kuhesabu mwenyewe."

Wadhamini wa kata wakaitisha kikao, na kwa kuwa chumba chetu ndicho kikubwa, kikafanyika kwetu. Wanawake hawakuitwa kusema. Lakini nyumba ni yangu na sufuria ni yangu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunitoa. Nikasimama kando ya moto nikikoroga.

Mdhamini mzee akamuuliza Zerah kama alijua mpaka ulipo. Akasema hakujua. Akaulizwa, "Siku ile mlipopima, nani alihesabu?"

Zerah Holcomb, ambaye akiuza farasi humwonyesha mnunuzi ukwato mbovu, akasema, "Mimi."

"Muongo," nikasema.

Ilinitoka hivyo, na mwiko mkononi, uji ukidondoka sakafuni. Wote wakageuka. Nikawaeleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, mifuko miwili, kamba, kinamasi, mimba. Nilipomaliza, Bibi Submit Barlow, yule mjane niliyekuandikia habari zake, anayevuta kiko, akauliza kutoka pembeni:

"Lilikuwa tamu?"

"Tamu sana, bibi."

"Basi angalau. Mimi mipaka yote niliyowahi kuvuka haikuwa na ladha."

Wakacheka, hata shemasi. Ozias peke yake hakucheka. "Hadithi nzuri," akasema. "Lakini tufaha lilishaliwa, haliji kutoa ushahidi. Mke atasema chochote kumwokoa mumewe."

Hapo mdhamini mzee akaamua, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema kama nimesema kweli, kosa litakuwa la hesabu moja kamili, minyororo kumi, si tisa wala kumi na mbili. Basi ipimwe tena mbele ya watu, maili moja kutoka pembe ya mashariki. Mstari ukiishia kwenye kisiki cha Ozias, kosa lilikuwa kosa. Ukiishia kwingine, watajua tumewadanganya, na Zerah atajibu mbele ya hakimu.

Walipoondoka nilimngoja Zerah aseme neno. Akaenda kulisha maksai. Siku nne zilizofuata aliniambia "lete chumvi" na "mlango", basi. Sikujua kama amekasirika kwa tufaha, au kwa kuitwa muongo mbele ya kata nzima. Siku hizo nne, dada, nilizionea uchungu kuliko safari yote ya kuja huku.

Siku ya kupima walikuja wote, na watoto na mbwa. Ozias alikuwa amemleta kaka yake kushika upande wa nyuma.

"Nyuma atashika Lovisa," Zerah akasema.

"Tena?"

"Wewe tembea kando yake, Ozias, uhesabu kwa sauti ukitaka. Lakini mnyororo ni wake."

Kisha akanijia, akafungua kiganja changu, akaniwekea misumari minane, mipya, bado mieusi kutoka kwenye moto. Alikuwa ameifua mwenyewe. "Hesabia hii," akasema. "Ukiila, tutasikia."

Watu wakaangua kicheko, nami nikashindwa kucheka wala kulia, nikashika mnyororo. Ozias alihesabu kweli kwa sauti, njia nzima, mpaka sauti ikamkauka. Nilipotia msumari wa nane mfukoni, kijiti cha mwisho kilikuwa hatua mbili na nusu kutoka kwenye kisiki chake. Alizipima hizo hatua mwenyewe, mara mbili. Kisha akavua kofia. Alisema anasikia joto. Ndoo za nguruwe wake zilikuwa na barafu.

Hivyo ndivyo jina la Zerah lilivyosafika, na naomba umwambie hivyo kila aliyekuletea ile habari, kwa maneno hayohayo, na tufaha usilifiche.

Lakini kusafika kwa jina hakuhamishi nyumba. Nyumba saba zilikuwa kwenye ardhi ya shule, na wadhamini wakatupa muda hadi masika. Zerah akasema tusingoje matope. Theluji ya kwanza nzito ilipokaa, wakaingiza magogo marefu chini ya kila nyumba, wakafunga jozi kumi na tisa za maksai, na nyumba zikateleza moja moja kuelekea mashariki. Bibi Barlow alikataa kutoka ndani ya yake. Alisema ameshahama mara sita kwa miguu na mara hii atahama ameketi. Tulimwona dirishani akipita, kiko mdomoni, akitupungia mkono. Shemasi alipoteza bomba la moshi njiani, na kuku wa Ozias hadi leo, kila jioni, hurudi kulala penye nyumba ya zamani. Yeye mwenyewe alivuta nyumba yetu na maksai wake bila kuombwa. Familia moja kati ya zile mbili ilihama, nyingine ikapakua.

Kinu hakikuweza kuhama, kwa sababu maporomoko hayahami. Zerah aliwapelekea wadhamini ufunguo kabla hawajaudai. Sasa kinu ni mali ya shule, na wamemwajiri yeye kukiendesha. Nafaka inayochukuliwa kwa kusaga itamlisha mwalimu, naye mwalimu ameshapatikana, atakuja mwezi wa tano, na Philura atakuwa wa kwanza mlangoni. Yeye ndiye aliyenitamanisha lile tufaha, kwa hiyo ni haki asome kwa ajili yake.

Hata hivyo, niliumia. Sitakuficha. Kila asubuhi mume wangu anakwenda kwenye gurudumu alilolichonga kwa mikono yake, anafagia sakafu ambayo si yake, na jioni anautundika ufunguo kwenye msumari wa mtu mwingine. Amefanya hivyo tangu Desemba na hajanilaumu hata kwa jicho. Lakini pia kuhusu lile tufaha hajasema lolote, tangu ule utani wa misumari, nami nimekuwa nikilisubiri hilo neno kila siku.

Nisalimie mama, mbusu mikono yote miwili. Msalimie shemeji Asahel, na mjomba Eliphalet, na Mercy mtoto wa marehemu kaka, mwambie huku kuna wanaume watatu wasio na wake na mmoja kati yao ana meno. Usimsahau jirani Hepzibah, ingawa najua atasoma barua hii begani mwako.

Nilitaka kufunga hapo. Lakini Jumapili iliyopita, tulipotoka kwenye ibada, nilikuta Zerah ameishusha ile kamba yako mpya ya matufaha. Mimi nilikuwa sijaigusa tangu ifike, niliitundika juu karibu na mnyororo wa kupimia, nikawa naipita. Alichomoa kipande kimoja, akanifungua kiganja vilevile kama siku ya misumari, akakiweka.

"Kula," akasema. "Leo hatupimi."

Nikala, dada. Naye akachukua kimoja, tukakaa tukitafuna.

Mungu awalinde wote mlio chini ya paa lile, na akuweke mpaka tuonane, huku au kwake.

Wako akupendaye, na maili mia sita hazipunguzi kitu,

Lovisa Holcomb